Fishi Kumi na Moja Bila Jina

— Nani alitosha kontroli, nani aliifuta?

Falonne aliuliza hata kabla ya kukaa. Benchi ya Mama Claudine, mwuza kahawa, iko Ruashi, ng'ambo ya parking ambamo malori yanangoja kupakia shaba na kushuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa watatu: Donat, wakala wa forodha, anayeitwa Kashe, yaani muhuri, kwa sababu haamini kitu kisicho nao, Michée, fundi wa umeme, jina la kijiweni Voltaje, na Guelor, mwenzake Falonne wa kazi, uso ndani ya kikombe. Falonne na Guelor ndio waliotengeneza ukurasa unaoonekana kwenye écran, skrini kubwa ya parking: kila lori na fishi yake, yaani kadi, na juu yake jina la dereva. Jina likitokea, dereva anaitwa kupakia. Sasa ilikuwa siku ya tatu fishi kumi na moja hazina jina, na madereva wake wanarukwa. Patron, mwenye kazi, alikuwa amemwandikia Falonne: "Saa nne nafika. Unionyeshe kosa liko wapi, la sivyo kazi naipa wengine."

— Ni courant, Voltaje alisema, kidole juu kwenye nyaya za umeme. Kama courant inashuka, inaandika lori, kisha inachoka. Jina inabaki njiani.

— Jina iko juu, yaya Michée, Falonne alimwambia kama kaka mkubwa. Inaandikwa ya kwanza.

— Njo ile! Ya kwanza njo inapokea chute yote, kushuka yote ya courant.

Kashe akacheka.

— Mi niliangalia ba-plaque ya namba. Zote kumi na moja ni ba-camion ya Zambia. Majina yabo bado hayajagongwa muhuri ku douane. Wakubwa balisema: mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Leo ni siku ya ngapi? Ya tatu! Écran imebanyang'anya majina, inangojea bashike jembe.

— Vieux, mzee wetu, ile methali haiko ya ba-écran, Falonne alimwambia.

— Methali ni ya bote.

Falonne akamgeukia Guelor.

— Weye unajua fishi ni sawa moule ya matofali. Unamwaga udongo, zinatoka zote sura moja. Mi niliandika: dereva ni obje. Ni sawa mufuko, na ndani ya mufuko lazima mukuwe bintu tatu ya jina: nom, postnom, prénom. Kama kimoja kinakosa, mustari ya rouge, nyekundu, inatokea mu mashini yetu, tunajua. Ile njo kontroli. Nani alifuta?

Guelor akaweka kikombe chini.

— Ni miye.

— Juu ya nini? Sababu gani?

— Ba-camion ya Zambia zilianza kuingia juzi, na rouge ikakuwa mingi, Falonne. Kila camion ya Zambia, rouge. Patron anapita nyuma yangu, anauliza, iyi damu yote ni ya nini? Njo nikabadilisha. Kontroli inauliza sasa paka kintu kimoja tu: iko obje, ao haiko obje?

— Obje yoyote?

— Si ni obje?

— Hata mufuko ya makala ya kupikia ni mufuko! Unaweka mulinzi ku mulango, unamuambia, usifungue mufuko, gusa tu. Formulaire, ile fomu ya bageni, inatuma jina yote mu kintu kimoja. Fishi inatafuta bitatu, haione hata kimoja, inanyamaza. Na mulinzi wako anasema, pita!

— Haraka haraka haina baraka, Kashe alisema, na kumsogezea Mama Claudine kikombe kwa mara ya tatu.

Voltaje alisimama kabisa.

— Kumbe ni vile! Alikata waya ya rouge! Mi miaka kumi na tano nasema, rouge haikatwake! Alikata rouge ya hapa, na taa ya Kasumbalesa nayo ikazimika, mulisikia?

— Ukae, Mama Claudine alimwambia. Utamwaga kahawa ya bantu.

Kwa Falonne, kesi ilikuwa imekwisha. Patron angeonyeshwa mstari uliofutwa, tarehe yake, na jina la Guelor kando yake. Basi.

Walipokuwa wakibishana, mtu mmoja alikuwa amevuka barabara kutoka parking akisikiliza, ovaroli yake imejaa vumbi, kikombe cha bati mkononi. Alisalimia kwa Kibemba, mwashibukeni mukwai, akasema yeye ni Mukuka, dereva, anatoka Chingola, amelala mara tatu ndani ya kabini akingoja kuitwa. Kahawa ilipomiminwa hakuinywa.

— Mwana, ile bintu tatu ni nini na nini?

— Nom, postnom, prénom, tata, Falonne alimjibu kwa heshima. Jina yako, jina ya pili inayoifuata, na ya ubatizo.

— Miye niko Mukuka, na jina ya ubatizo. Njo yote. Kwetu postnom haiko. Hata kama huyu kijana asingefuta, weye ungeniandika vile gani?

Guelor, ambaye angeweza kucheka, akamsogezea Falonne mashini.

Falonne aliweka mashini, kompyuta yao, juu ya magoti, akarudi nyuma hadi kwenye mstari wake wa zamani. Nom, lazima. Postnom, lazima. Prénom, lazima. Alikuwa ameandika hivyo bila kusita, kama anavyojaza kila karatasi tangu shule ya msingi. Kontroli yake ingempigia huyu mzee kelele kila siku, na fishi yake ingebaki tupu vilevile. Naye angesema mwenye kosa ni mzee.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.

— Patron utamwambia nini? Guelor aliuliza polepole.

— Nitamwonyesha mistari mbili. Yako na yangu.

Akasogea ili dereva apate nafasi kwenye benchi.

— Tata Mukuka, nakuomba paspoti yako. Nataka nisome vile jina yako inaandikwaka.