Siku Kornelia Alipomtaja Baba Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee wetu, na ninyi vijana hamjambo. Sogeeni karibu na redio, na huyo anayeosha masufuria aache kidogo, yatamngoja. Leo tunamkumbuka Bibi Kornelia wa Dirma, tuliyemzika Jumamosi iliyopita. Bibi Kornelia. Mwanamke aliyelitaja jina la baba mkwe wake siku moja tu maishani, tena mbele ya hakimu.

Najua wengine mnasema, sasa hapo pana habari gani? Subirini. Kwa wafugaji wa tambarare za Hanang, mke hamtaji baba mkwe. Hamtaji jina, hamtazami usoni, hamnyoshei kidole. Huo ni mwiko, na Kornelia aliushika barabara. Mzee naye alimpenda sana. Kwa kuwa hakusema naye ana kwa ana, alisema na ndama. "Wewe ndama, mwambie mama wa humu maziwa ya leo yalikuwa matamu." Kornelia yuko ndani, anasikia, anacheka kimya kimya.

Basi, miaka ile ya Mwingereza, uhuru bado, ng'ombe wa mtu wakaibwa. Aliyeibiwa, yaani mlalamikaji, akasema mwizi ni mzee Gidahosh, huyo huyo baba mkwe. Askari wakamchukua, akawekwa rumande Mbulu. Rumande siyo kifungo, wasikilizaji. Ni kungoja kesi. Mzee alikuwa mshtakiwa, hajawa mkosaji. Narudia, mshtakiwa siyo mkosaji, maana hata leo mtu akikamatwa tu sisi tumeshamhukumu huku sokoni.

Ukweli ni kwamba siku ya wizi mzee hakutoka nyumbani. Mtoto wa Kornelia alikuwa na homa kali, mume yuko mbali na mifugo. Mzee alikaa mlangoni kutwa akichemsha mizizi ya dawa. Aliyemwona ni Kornelia peke yake. Shahidi mmoja tu, jamani, na shahidi mwenyewe haruhusiwi kumtaja!

Mtoto yule wa homa ndiye Mama Tekla wa leo. Anasema: "Mama alipanda mlima hadi Mbulu mimi nikiwa mgongoni. Aliniambia njia nzima alikuwa anajiuliza, nitasemaje bila kusema?"

Mahakamani, hakimu Mzungu yuko mbele. Karani anaandika. Mzee yuko kizimbani. Amesomewa shitaka, amelikana. Kuna mwendesha mashtaka, ofisa wa polisi, ambaye kazi yake ni kuthibitisha kwamba mzee aliiba. Na kuna mkalimani, Bashiri, mtoto wa wenye duka wa Katesh, aliyejifunza lugha ya wafugaji kwa kuwapimia chumvi. Kornelia akala kiapo kwamba atasema kweli tupu.

"Siku ile nyumbani kwako alikuwapo nani?" hakimu akauliza.

"Mwenye mji."

"Mumeo?"

"Hapana. Baba wa mume wangu."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mume wako ana baba wangapi?"

Sasa kwao ndugu za baba nao ni baba. Na mama wa watu ameapa. Akajibu, "Watatu."

Weee! Watu walicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. "Haya," mwendesha mashtaka akasema, "ni yupi kati ya hao? Taja jina, au mwonyeshe kwa kidole." Kornelia akajifunika shuka usoni.

Bashiri akaona huruma. "Bwana hakimu, kwa mila yao huyu mama..." Mwendesha mashtaka akamkatiza. "Mkalimani siyo shahidi. Ageuze maneno tu." Inauma, lakini kisheria alikuwa sawa. Hakimu akasema mahakama isipojua ni mzee yupi aliyeonwa, ushahidi ule hautamsaidia mshtakiwa.

Siku hiyo hapakuwa na ndama. Mzee akasema na Kornelia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Binti yangu, nyamaza. Jela nitaizoea. Usijiharibie kwa ajili yangu."

Kornelia alijua fika, akimtaja, wanawake wa ukoo watamtenga. Asipomtaja, aliyemchemshia mwanawe dawa anakwenda jela. Akashusha shuka. Akamtazama usoni.

"Gidahosh," akasema. "Ni Gidahosh. Alikuwa mlangoni kwangu kutwa nzima, mwanangu anaumwa."

Hakimu akasema ana mashaka kama mzee aliiba, na pakiwa na mashaka mshtakiwa hafungwi. Akamwachia huru.

Nje wanawake wa ukoo walimpa Kornelia mgongo. Mzee akaliona hilo. Akamwendea punda aliyefungwa pale, akasema kwa sauti: "Wewe punda, waambie hawa mwiko umevunjwa kwa ajili yangu. Mwenye lawama aje kwangu. Na mwambie mama wa mtoto, twende nyumbani." Kornelia akajifunika shuka yake tena, akalia humo humo ndani.

Kwa Mama Tekla, kwa mjukuu Nicodemo, na kwa ukoo mzima wa Dirma: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na wewe unayenisikiliza, ambaye uliona jambo na sasa unaogopa watu watasema nini, mfikirie bibi huyu leo kabla hujalala.

Nicodemo jina lake la pili ni Gidahosh, la babu wa baba yake, na bibi hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Ananisimulia kwamba siku za mwisho, hospitalini, nesi alimwuliza bibi jina kamili la mjukuu. Bibi akasema, "Nicodemo," akaishia hapo.

"Nikamwambia, Bibi, malizia tu, mzee alishakusamehe."

Bibi akamtazama mjukuu wake, akatabasamu. "Mzee alikuwa kizimbani," akasema. "Wewe umefungwa wapi?"