Mama Dodoso na Nakala Zilizotoweka Kabatini

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Ijumaa ya tarehe 30 Juni mdodosaji mkuu wa Idara yetu ya Sayansi ya Jamii atakabidhi funguo za chumba namba saba na kwenda zake nyumbani. Wahadhiri, wanafunzi na hata walinzi wa getini wanamwita Mama Dodoso, kwa ajili ya yale makaratasi ya maswali asiyoachana nayo. Kamati ya jarida imeniomba mimi, mtunza maktaba wa Idara, niandike wasifu wake, kwa kuwa tumepakana ukuta miaka kumi na tisa. Nashuku kamati haijui niliwahi kumtendea nini. Ingejua, kalamu ingepewa mtu mwingine.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mihadhara yote ya mwaka wa kwanza ilipita vidoleni mwake: jamii ni nini, utamaduni ni nini, kanuni, mila, taasisi. Siku moja mhadhiri alimpelekea karatasi iliyosema kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi na vyakula vya watu. Ilirudi imepigwa safi, bila kosa, na kikaratasi kimebanwa kwa pini: "Na foleni je? Nani aliwafundisha watu kusimama nyuma ya mwenzao?" Mhadhiri alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda kwa mkuu wa Idara kuomba aruhusiwe kutoka na mpiga chapa huyo kwenda kuhoji watu mitaani.

Huko ndiko alikopatia jina. Milango iliyofungwa kwa wenye shahada, yeye alifunguliwa. Hakuwa na uchawi. Ila hakuwa na haraka. Salamu aliziacha ziishe zenyewe, na kalamu haikutoka mkobani mpaka amekaribishwa. Wadodosaji aliowafunza wanakumbuka onyo lake: "Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi kabla hajakupa kiti, atakutajia idadi yoyote ili uondoke." Katika utumishi wake amehoji kaya zaidi ya elfu sita, na mbwa wamemng'ata mara mbili. Mara zote mbili, anasema, kosa lilikuwa lake, kwani alipita mlango wa nyuma.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka kumi na miwili iliyopita Idara ilifanya utafiti katika mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha saruji. Rasimu ya ripoti ilisema kwamba wakazi wa pale hawaaminiani: milango yao imefungwa mchana kutwa, na asilimia themanini walijibu kwamba hawaazimi kitu kwa jirani. Ofisi ya mipango miji ililipenda sana hitimisho hilo. Ilitaka kuwahamisha watu wa mtaa ule na kuwatawanya katika viwanja vya pembe nne za mji, na sasa ilikuwa na maandishi ya kitaalamu kwamba hakuna jumuiya itakayovunjika.

Kabla rasimu haijachapishwa, wakazi walipeleka barua ya malalamiko kwa ofisi hiyo, wakataja hadi ukurasa wa arobaini na moja. Mkuu wa Idara alituita. Alituuliza kwa upole, na upole wake ulitutisha kuliko makelele: nani ametoa rasimu nje?

Nilikwenda kwenye kabati la maktaba, nilimotunza nakala za rasimu, kuzihesabu. Nakala tatu hazikuwapo.

Wiki zilizofuata zilikuwa za aibu. Idara inayofundisha mshikamano wa jamii ilianza kufunga droo kwa kufuli. Chumba cha chai kikawa kimya; mtu akiingia, mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Mhudumu wa chai, ambaye haogopi mtu, alisema huku akifuta meza, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua nyanya. Kila mtu alimshuku mwenzake. Mimi nilimshuku Mama Dodoso, kwa sababu yeye peke yake hakubadilika. Aliendelea kusalimia vilevile na kucheka vilevile, nami nikajiambia kwamba mtu asiye na wasiwasi wakati wote wana wasiwasi ana lake jambo.

Jumanne moja alasiri nilimwona akitoka na mkoba ulionona. Nikamfuata. Nilikaa hatua hamsini nyuma, nikasimama aliposimama, nikajifanya nafunga viatu ambavyo havikuwa na kamba. Alipita ukuta wa kiwanda, akakata kona mbili, akaingia kwenye chumba cha fundi cherehani. Nikasogea dirishani.

Ndani kulikuwa na cherehani nne na watu wapatao ishirini, wamekaa juu ya mabenchi na marobota ya vitambaa. Mama Dodoso alikuwa amesimama na rasimu yetu mkononi, akiwasomea. Bila kugeuka alisema, "Mtunza maktaba, ingia ukae. Nimejitahidi kutembea polepole, lakini bado umetoka jasho."

Niliingia. Sikuwa na pa kukimbilia.

Alisoma ile sehemu ya milango. Fundi akaacha kushona. "Mimi nashona mashati ya shule," alisema. "Nikiacha mlango wazi saa moja, kitambaa cheupe kinageuka cha kijivu. Vumbi la saruji hilo. Hamkuliona mlipokuja?"

"Tuliliona," alisema Mama Dodoso. "Hatukuliuliza."

Akasoma sehemu ya kuazimana. Bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwanangu, mliniuliza kama ninaazima. Nikasema siazimi, na ni kweli. Kuazima ni kwa mgeni. Mimi nikitaka sufuria ya huyu," akamwonyesha mwanamke aliye karibu naye, "naingia nachukua. Siku nikianza kumwomba, ataniuliza amenikosea nini."

Watu walicheka. Mama Dodoso hakucheka; alikuwa anaandika pembeni mwa ukurasa, neno kwa neno.

Ningependa kuandika kwamba shaka yangu ilikufa pale pale. Haikufa. Njiani kurudi nilijiambia kwamba labda amewapanga watu wale, labda anataka jina, labda ofisi fulani inamtumia. Shaka ikishapata kiti haiondoki kwa kuonyeshwa mlango. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwa mkuu wa Idara, nikaeleza nilichokiona na, nasikitika kusema, nisichokiona.

Mama Dodoso alisimamishwa kazi wiki saba. Mumewe, fundi saa, alikuwa amelazwa wakati huo. Hilo sikulijua; wala sikuuliza.

Kwenye kikao cha nidhamu alikiri kila kitu. "Nakala nilizichukua," alisema, "na hizi hapa nimezirudisha." Akaziweka mezani. Kingo za kurasa zilijaa masahihisho ya miandiko kumi na kitu. "Tumewaandika watu hawa kwa kuwapima kwa kibaba chetu. Kosa langu ni kwamba sikuomba ruhusa. Lile jingine ni letu sote."

Badala ya kutoa hukumu, mkuu wa Idara aliwatuma wahadhiri wawili mtaani na swali jipya: badala ya "unaazima", waulize "kitu gani cha jirani kiko nyumbani kwako sasa hivi". Katika nyumba mia moja na thelathini, mia moja na kumi na mbili zilikuwa na kitu cha jirani. Moja ilikuwa na mlango wa jirani.

Ripoti iliandikwa upya. Mpango wa kuwatawanya watu ukasitishwa. Miaka minne baadaye walihamishwa kweli, kwa ajili ya vumbi, lakini walihamishwa pamoja, jirani kwa jirani, kwa mpangilio waliouchora wenyewe. Na tangu mwaka ule Idara ina kanuni moja ambayo vyuo vingine vimeiomba: hakuna ripoti inayochapishwa kabla ya kusomewa waliosemwa ndani yake. Kanuni hiyo ni ya Mama Dodoso, ingawa kwenye kitabu cha taratibu hakuna jina lake. Naomba liwekwe.

Aliporudi kazini alinisalimia kama zamani. Hapo nikamshuku upya. Akiniletea chai, nilijiuliza anatafuta nini. Akinisifia shati, nililivua jioni nikalikagua. Niliteseka hivyo karibu mwaka, mpaka siku moja nikamuuliza kama anamjua mwandishi wa ile barua aliyosomewa kikaoni bila jina.

"Nilimjua siku ileile," alisema. "Ilikuwa na nukta mkato saba. Idara nzima, anayetumia nukta mkato ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Wengine walinishuku wakanyamaza, wakawa wananichekea kwa meno tu. Wewe uliandika. Kitu kilichoandikwa naweza kukijibu." Akarudi kwenye makaratasi yake.

Mama Dodoso anaondoka akiwaacha wadodosaji kumi na wanne aliowafunza mwenyewe, na mume aliyepona ambaye anasema ameandaa kiti kingine dirishani pa kazi yake. Idara inamshukuru kwa kazi, kwa ukaidi na kwa miguu iliyochoka kwa niaba yetu.

Mimi ninalo la peke yangu la kukwambia, Mama Dodoso. Tulizungumza siku ile, lakini radhi sikukuomba, na barua niliyokushtaki kwayo ilisomwa mbele ya watu. Basi nami naomba mbele ya watu: Mama, unisamehe. Nilikukosea wewe na nyumba yako. Nenda salama. Tunakuombea afya, mapumziko yenye nafasi, na wajukuu watakaokuuliza maswali mengi kuliko uliyowahi kuwauliza watu.