Samaki wa Jumanne

Kijiko kiligonga bakuli gizani, nikajua binti yangu Araba ameamka mwenyewe kunywa uji. Ana miaka minne, na leo ana mtihani wa kuingia chekechea.

Kwenye teksi ya kutoka Moree, mji wetu wa wavuvi, tulibanana na mama mwenye beseni la samaki, na mwalimu mwenye kofia ambaye alijisifu, bila kuulizwa, kwamba mtihani ule anautunga na kuusahihisha yeye.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. "Mjukuu wangu Ebo ulimwonyesha nyanya, bamia, samaki na sufuria, ukamwambia atoe kisichohusika. Akatoa samaki, ukamfelisha."

"Jibu ni sufuria, mama. Vingine vyote ni chakula."

"Ilikuwa Jumanne, mwalimu. Nani wa kwetu anavua Jumanne? Ni mwiko, bahari imepumzika, samaki atoke wapi? Na sufuria ukishaitoa, utapikia kwenye hiyo kofia?"

Dereva alicheka, tukaingia kwenye shimo.

"Akili za watoto lazima zipimwe kwa kipimo kimoja," mwalimu akasema, akiiweka kofia sawa.

"Na za kwako alipima nani?"

Nafasi ya mwanangu ilikuwa mikononi mwa mtu huyu, na sasa alikuwa amemgeukia Araba.

"Haya, binti. Nyanya, bamia, samaki, sufuria. Tutoe kipi?"

Teksi ikasimama langoni mwa shule. Araba alimtazama mwalimu, akamtazama na mama wa samaki.

"Hakuna aliyekosea," akasema.