Pafu la Kushoto la Tordis Elfving

Mama, Krister, Ylva, ndugu na majirani mliofika. Nasoma mimi, Solveig, dada yake mkubwa, kwa kuwa mama amesema sauti yangu haitetemeki. Tutaona.

Marehemu Tordis Maria Elfving alizaliwa tarehe 3 Novemba 1967 hapa Kivik, mtoto wa pili na wa mwisho wa Helge na Dagny Elfving, wakulima wa matufaha. Tangu utotoni hakula tufaha bila kulipasua kwanza atazame ndani. Baba alimgombeza: "Matufaha ya kuuza hayakatwi, wewe!" Naye akajibu, "Sasa utajuaje kama lina funza?" Alichapwa kidogo, akaendelea kukata.

Alisoma shule ya msingi hapa Kivik, sekondari Simrishamn, na mwaka 1986 akaingia Chuo Kikuu cha Lund kusomea fizikia. Alipata udaktari mwezi Mei 1996. Siku ya kutetea tasnifu yake baba alikaa mstari wa mbele, hakuambulia hata neno moja, akapiga makofi kabla ya wakati. Kikohozi baba alikuwa nacho tayari.

Tarehe 12 Juni 1993 aliolewa na Krister Tufvesson, seremala, mtu mpole kuliko alivyostahili dada yangu. Kwenye karamu wote tuliinua glasi za mvinyo, yeye akabaki anaitumbulia macho glasi yake. Krister akamwambia, "Kunywa basi, mke wangu." Akasema, "Nasubiri viputo vitoke." Mwaka 1998 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Ylva, ambaye leo anafundisha watoto kuogelea huko Ystad.

Kuanzia 2001 Tordis alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Hagalöv. Humo elektroni hukimbizwa ndani ya bomba la duara, pana kuliko shamba letu, na zinapopinda hutoa eksirei kali ajabu. Eksirei ya hospitali inaonyesha mbavu. Ya kwao ilionyesha kuta za vijifuko vya hewa ndani ya pafu, kuta nyembamba kuliko unywele, bila kulikata. Lakini miale hiyo ingemuunguza mtu aliye hai. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa na viungo vya marehemu waliojitolea. Aliviita wageni. "Mgeni wa leo ana haya," alikuwa akinipigia simu kusema, "hataki kutulia."

Kutulia ndiko kulikuwa kila kitu. Kiungo kililoweshwa kwenye spiriti, kikapangwa ndani ya mtungi, kikashindiliwa jeli pande zote. Kikibaki kiputo kimoja, kiungo kinasogea, picha inaingia ukungu, na zamu ya mashine iliyosubiriwa miezi imekwenda na maji. Vijana wakiogopa kushika pafu la mtu, Tordis aliwafokea: "Kandamiza! Hasikii maumivu. Ukimwonea huruma, umemuua mara ya pili."

Baba alifariki mwaka 1999, mapafu yake yamejaa makovu. Vuli ya mwaka 2020 Tordis alianza kukohoa kikohozi kile kile, na hakuna aliyehitaji kumwambia ni nini. Kufikia 2023 aliacha kazi, akawa mtu wa mtungi wa oksijeni. Hakulalamika sana. Kisha mwezi Julai mwaka jana Ylva alitoka kwenye bwawa anahema, akasema ni mafua. Tordis alimtazama mtoto wake, akaenda kujifungia chooni. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akilia.

Ugonjwa huo wa ukoo wetu haujulikani unaanzia wapi ndani ya pafu. Hospitali huuona ukishakomaa. Tordis alitaka pafu lake la kushoto lipelekwe Hagalöv akishafariki, ili madaktari wa Ylva wajue pa kutazama. Wale mnaonong'ona tangu asubuhi kwa nini mazishi yalichelewa hadi tukaomba ruhusa ya kupita mwezi mmoja wa sheria, jibu ni hilo: tulisubiri picha za pafu. Hakuna mwingine wa kumuuliza, niulizeni mimi.

Mama alikataa. Siku Tordis alipomwambia walikuwa jikoni kwa mama, wamekaa na kahawa.

"Kufa kufaana, siyo?" mama alisema. "Uzikwe nusu, kama kuku wa dukani?"

"Mama, mimi sitakuwa na kazi nalo."

"Mimi ninayo. Nililibeba miezi tisa."

Krister alijaribu kusema kitu, mama akamkatiza, "Mkwe wangu, nyamaza unywe kahawa." Hapo Ylva akakohoa. Hakukusudia. Mama akamwita, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa amezeeka. "Lichukueni," alisema. "Lakini siku ya mazishi isomwe wazi mbele ya watu. Sitaki kuficha."

Tordis alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 24 Januari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Krister. Hakufa kwa urahisi, na sitawadanganya kanisani.

Pafu lilipokelewa na Jeppe, Mdenmarki aliyefundishwa kazi na Tordis mwenyewe. Aliliandaa kwa wiki kadhaa, hakuruhusu mtu mwingine alishike. Zamu ya mashine ilipofika, picha zilitoka na ukungu, kila mstari umekuwa miwili. Jeppe alitupigia simu akilia. Jeli aliiweka taratibu mno. Alijua ni nani yule, akashindwa kumkandamiza.

Ylva alikwenda Hagalöv. Kikundi kingine cha watafiti kilikuwa kimekubali kuwaachia zamu yake, na nawashukuru hapa. Ylva alisimama karibu na Jeppe, mtungi ukiwa wazi kati yao.

"Siwezi, Ylva. Ni yeye."

"Ndiyo, ni yeye. Na angekuwa hapa angeshakutukana mpaka basi. Kandamiza, Jeppe."

Akakandamiza. Safari hii picha zilitoka safi. Zilionyesha makovu yalipoanzia, kwenye ukingo wa chini kabisa wa pafu, madogo mno kiasi kwamba hakuna daktari ambaye angehangaika kutazama huko. Jumanne wiki iliyopita daktari alitazama hapo hapo kwa Ylva. Yapo.

Dawa ya kuponya hakuna. Ipo ya kuchelewesha, na Ylva ameianza miaka mingi mapema kuliko mama yake. Msiniambie kwamba Mungu ana makusudi yake. Niambieni pole, inatosha.

Marehemu ameacha mama yake, Dagny, mwenye miaka tisini na mmoja; mume, Krister; binti, Ylva; dada, mimi; na Jeppe, ambaye familia imeomba aketi nasi mstari wa mbele. Kwa agizo la mama natamka wazi: Tordis alizaliwa na mapafu mawili, na leo tunamzika na moja. La pili bado liko kazini.

Pumzika, mdogo wangu. Mtoto tunaye.