Fundi Aliyetufundisha Kuogopa Magurudumu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Fundi Gololi atastaafu baada ya kuzitunza baiskeli za wauguzi wa majumbani kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Matroni ameniomba mimi, mkunga wa zamu ya asubuhi, niandike wasifu wake. Nadhani amenichagua kwa sababu mfupa wangu mmoja unamkumbuka fundi huyu kila hali ya hewa inapobadilika.

Jina la Gololi alilipata siku yake ya kwanza kazini. Alifungua gurudumu la nyuma, gololi zote zikamponyoka na kutawanyika sakafuni, na Matroni wa wakati huo alipoingia kumkaribisha fundi mpya akakuta miguu miwili tu imechomoza chini ya kabati. Gololi zilipatikana zote isipokuwa moja. Alikataa kuliruhusu gurudumu hilo litoke mpaka nayo ilipopatikana, siku ya pili, ndani ya kiatu chake mwenyewe.

Tangu mwanzo, basi, alikuwa mwangalifu. Hofu ilimwingia mwaka wake wa kumi na moja, na aliyeisababisha ni mimi.

Asubuhi hiyo tuliletewa habari kwamba mama mmoja ng'ambo ya daraja ameshikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza. Baiskeli yangu ilikuwa karakanani, tairi la mbele lina pancha. Nilimsimamia fundi kichwani. Alifungua kinywa mara moja tu, akasema anataka kuliangalia rimu vizuri. Nikamkatiza: "Fundi, mtoto hangoji rimu! Ziba, jaza upepo, nipe!" Akaziba, akajaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe kwa sababu ya mzigo wangu wa vifaa, akanipa. Nikaondoka bila hata kushukuru.

Alipookota kitambaa alichofutia lile rimu, akaona kimejaa unga wa chuma unaong'aa. Hapo kidole chake gumba kikamkumbusha kile ambacho masikio yake, kwa makelele yangu, yalikataa kukisikia: ukingo wa rimu ulikuwa umeliwa na raba za breki miaka nenda rudi, umebonyea kama kijiko, umebaki mwembamba kama kopo. Ukingo wa namna hiyo, tairi likijazwa upepo mwingi, kisha ukabanwa na breki, hupasuka. Na mbele yangu kulikuwa na mteremko mrefu wa kiwandani unaoishia darajani, kwenye malori.

Simu ya mkononi siku zile alikuwa nayo mganga mkuu peke yake. Fundi alichukua baiskeli iliyokuwa karibu, ya Matroni, yenye kikapu cha maua ya plastiki, akanifuata. Aliniambia baadaye kwamba kila kona alitarajia kuukuta ule mduara wa watu wanaosimama wakiangalia chini. Kona ya tatu aliukuta. Kumbe walikuwa wanamzunguka muuza ndoo.

Aliniona nikiwa nimekwisha kuanza kuteremka. Alifungua mdomo aniite, akaufumba. Akipiga kelele nitashtuka, nitabana breki zote mbili, na rimu litapasuka pale pale kwenye kasi. Akinyamaza, nitabana mwenyewe nikifika darajani. Akakata shauri. Aliachia breki zake, akashuka kama jiwe lililotupwa, akanifikia ubavuni, na kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa akasema:

"Mkunga, usinitazame. Vidole vitoe kwenye breki ya mbele. Bana ya nyuma peke yake, taratibu. Taratibu zaidi. Sasa buruza miguu."

Sikuelewa lolote, lakini uso wake ulikuwa umepauka kama wa maiti, nikatii. Tulikuwa tumebakiza hatua chache tusimame mlio mkubwa uliposikika. Watu wa kiwandani walilala chini wakidhani ni bunduki. Gurudumu la mbele lilifumuka, nikaenda mtaroni, mkono wa kushoto ukavunjika. Lori lililofuata lilipita mahali ambapo tungekuwa.

Alinifunga mkono kwa shati lake, akanipakia nyuma ya baiskeli ya Matroni, tukaenda kwa mzazi. Mama mkwe wa yule binti akawa mkono wangu wa pili, na mtoto wa kike akatoka salama, akilia kwa hasira. Fundi alikaa kizingitini.

Kesho yake alimpelekea Matroni karatasi ya kukiri kosa lake, jina langu hakulitia. Alipoulizwa anataka adhabu gani, aliomba ruhusa ya kumnyima baiskeli mtu yeyote, hata Matroni mwenyewe. Akapewa.

Tangu hapo hakuna aliyetoka kabla fundi hajalizungusha gurudumu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, akagonga spoku moja moja na kuzisikiliza, akajaribu nati, akapekua tairi kutafuta mikato. Tulinung'unika. Wengine walimwita mwoga mbele ya uso wake, naye akajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kila jioni alisimama getini mpaka baiskeli ya thelathini na moja irudi. Shemeji yetu, mkewe, alizoea kusema: "Mume wangu ana wake thelathini na wawili, na mimi ndiye wa mwisho kukaguliwa." Ndiye pia aliyetuambia kwamba hata mezani hupapasa ukingo wa sahani kwa kidole gumba kabla ya kula.

Kwa miaka kumi na minane hakuna rimu letu lililopasuka barabarani.

Sitaficha kwamba naogopa Jumatatu. Kazi inachukuliwa na dada mmoja aliyekuwa fundi wa cherehani, mtaratibu, asiyeongea sana. Wiki iliyopita alimnyima Matroni baiskeli kwa ajili ya mkato wa tairi mfupi kuliko ukucha, na Matroni akaenda kikaoni kwa miguu, amenuna. Nilimuuliza Fundi kama sasa moyo wake umetulia.

"Bado naogopa," alisema. "Ila sasa tuko wawili."

Fundi Gololi, pokea shukrani za sisi tuliofika nyumbani kila jioni bila kujua ni lipi lingetupata. Afya yako idumu, na siku zako pamoja na shemeji ziwe nyingi na zenye raha.