Jina Lote la Mama Tusekile

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tusekile, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo baadhi yetu wangependa nipite haraka.

Baba yetu, Boazi Rabson Nzunda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Hasamba, Wilaya ya Mbozi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akalima na wazazi wake, na tarehe 2 Mei 1989, biashara zilipofunguka na malori yakajaa mpakani, akaajiriwa kuwa karani wa kampuni ya usafirishaji pale Mpemba, Tunduma, kazi aliyoishika hadi mwisho.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu, Ferista Yonasi Simbeye, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Danford.

Mwaka 1998 kampuni iliwakatia wafanyakazi wote bima ya maisha ya kikundi, kila mmoja akapewa fomu aandike nani alipwe endapo atafariki, wengi wakaogopa kujichulia, na walioandika waliandika kama tunavyoitana nyumbani. Dereva Uledi, rafiki wa Baba, aliandika "Mama Zakia", akafa kwa ajali Agosti 2003, wakajitokeza akina Mama Zakia wawili, mjane wake Shamimu na Pili, dada wa Uledi, maana binti wa kila mmoja alipewa jina la bibi yule yule, na Shamimu alihangaika miezi kumi na minne kuthibitisha kwamba aliyeandikwa ni yeye, Baba akimwandikia kila barua.

Tangu hapo Baba hakunyamaza, alimfuata kila dereva na fomu mpya, akidai majina matatu, na walipomtania, "Karani, unatupimia majeneza?" aliwajibu, "Jaza jina lote, bwana, halafu uendelee kuishi." Aliwaeleza pia kwamba bima hii analipia mwajiri, inamlinda mtu akiwa kazini, na siku akiacha kazi nayo inamwacha.

Ndiyo maana alipougua figo, Septemba 2014, akashauriwa aache kazi arudi shamba, alikataa, akabaki mwajiriwa kwenye likizo ya ugonjwa, na walipokuja watu wa damu yake, ambao wapo hapa, kumtaka aandike jina la baba mdogo kwa kuwa mwanamke ataolewa tena, alijiinua kitandani, akaomba kalamu, akaandika upya majina yale yale matatu ya Mama aliyokuwa ameyajaza awali, herufi zikisomeka.

Alifariki Jumapili, tarehe 21 Juni 2015, akiwa bado mwajiriwa.

Basi ijulikane mbele ya jeneza lake, fomu haisemi ukoo, haisemi baba mdogo, haisemi hata Mama Tusekile, inasema Ferista Yonasi Simbeye, na anayetaka kikao kuhusu hilo akakae peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, majirani wa Hasamba na Mpemba, wafanyakazi wenzake, na ninyi madereva mliokuwa mkimtania, ambao nasikia sasa mmejaza wote.

Baba, jina limeandikwa lote, nasi tunaendelea kuishi. Pumzika kwa amani.