Supu ya Dengu ya Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali nje ya duka la kinyozi. Hapo hukaa wanaume watatu wasio na haraka na mmoja mwenye kazi. Mwenye kazi ni Fundi, anayeshona viatu huku wenzake wakiendesha dunia. Kinyozi humimina kahawa, na mteja akitokea humnyoa. Profesa amepewa jina kwa ajili ya miwani, si kwa kilicho nyuma ya miwani. Mlinzi hulinda ghala usiku na mchana huja kusinzia hapa. Miaka nenda miaka rudi, mke wa Fundi aliwaletea sufuria ya supu ya dengu na majani, nzito, bila nyama, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Sasa kiharusi kimemchukua mkono na ulimi. Amelala kaupa ukuta uso, uji hautaki, na daktari hakuzungushia Fundi maneno: asipokula, hatafika mbali. Ndiyo maana leo Fundi hakutoa hata sindano. Alikuja na mfuko wa dengu na fungu la spinachi, akaviweka katikati ya benchi.

— Jana nilijaribu, alisema. Dengu, majani, chumvi, vyote nikatia pamoja. Majani yakawa tope, dengu zikabaki changarawe. Nikampelekea kijiko, akafumba mdomo. Nyinyi mmeila supu yake. Niambieni alikuwa anaipikaje.

— Mume si wewe? akauliza Profesa.

— Mimi nilikuwa nashona viatu.

Kinyozi akammiminia kahawa kwanza, kwa kuwa leo ndiye mwenye shida.

— Dengu zinalowekwa usiku kucha, alisema. Unazichemsha mpaka zilainike, majani yanaingia mwishoni, chumvi baadaye.

— Majani mwishoni ni mapishi ya hotelini, alisema Profesa. Shemeji alikuwa anaunguza kitunguu. Kitunguu kikiungua kinatoa mafuta ya nyama.

— Kwani kina kwato?

— Hiyo ni sayansi, Kinyozi. Wewe kata nywele.

Mlinzi akafungua jicho moja.

— Mnahangaika bure. Mle mlikuwa na mfupa. Supu ya majani haiwezi kumshika mtu tumboni mpaka alfajiri, na mimi ilinishika. Shemeji alikuwa anautia, anautoa, anauosha, kesho anaurudisha. Mfupa uleule tangu walipooana.

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Fundi hakucheka. Alikuwa akiwaza pa kuanza kuutafuta jikoni mwake, jiko ambalo mpaka jana hakujua hata kiberiti kinakaa wapi.

— Mfupa hakuna, alisema Kinyozi akijifuta. Siri ni sufuria. Ile ya shemeji ilikuwa na ukoko wa miaka. Ladha yote iko mle. Uliigusa?

— Niliisugua kwa mchanga. Nilitaka apikiwe kwenye kitu kisafi.

— Basi umeshaua, alisema Profesa.

Neno likawaangukia wote. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.

Mlinzi ndiye aliyewatoa hapo, kwa kuwazamisha zaidi.

— Mimi nilipita dirishani kwenu siku moja akipika. Alikuwa anatutukana. Anakoroga, anatutukana mmoja mmoja kwa jina. Mpaka leo nadhani utamu ulikuwa wa yale matusi.

— Alinisema nini mimi? akauliza Fundi.

— Wewe ulikuwa wa kwanza.

Wakati huo alikuja mteja wa Fundi, mwanamke mwenye sare ya usafi, kufuata viatu vyake. Akakuta viatu bado vina midomo wazi. Akauliza kulikoni, akaelezwa na watu watatu kwa mpigo: kiharusi, kuloweka, kitunguu, mfupa, sufuria. Alisikiliza mpaka wakaishiwa.

— Poleni, alisema. Lakini hiyo mlikuwa mnaila nyinyi. Yeye mwenyewe anapenda kula nini?

Profesa akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mlinzi. Wote wakamgeukia Fundi.

— Si alikuwa anakula hapa na nyinyi? alisema Fundi. Jioni nikimkaribisha mezani ananiambia ameshiba, amekula kijiweni.

— Hapa? alisema Kinyozi taratibu. Hapa hajawahi kushika bakuli. Sisi tukimkaribisha anasema atakula nyumbani.

Mlinzi alikuwa macho yote mawili sasa.

— Kichwa anaweza kutikisa? akauliza yule mwanamke.

— Anaweza.

— Basi mzee, nenda ukamtajie vyakula. Viatu nitafuata siku nyingine.

Fundi akainuka. Dengu na majani akaviacha pale pale, hakuna aliyemwita. Njiani akaanza kupanga atakavyomtajia. Akakumbuka samaki, akakumbuka viazi, akakumbuka mayai ya kukaanga. Alipofika mlangoni alisimama, mkono kwenye komeo, maana kila alichokikumbuka kilikuwa kile anachokipenda yeye.